Mfahamu Christopher Sholes, aliyepanga herufi za kibodi unayochapia hadi leo

Fungua simu yako sehemu ya kuandika ujumbe. Tazama mstari wa juu wa herufi, kuanzia kushoto: Q, W, E, R, T, Y. Haufuati a, b, c, d, wala a, e, i, o, u tulizoimba darasa la kwanza. Ndivyo ulivyo kwenye simu yako, kwenye kompyuta ya ofisi ya kata, na kwenye kompyuta ya duka la stationery pale stendi, unapopeleka barua ya maombi ya kazi ikachapwe.

Mpangilio huo una mwenyewe. Ulianzia mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, karibu miaka 150 iliyopita, na mwenyewe ni Christopher Latham Sholes. Katika makala haya tunaeleza maisha yake. Mwishoni tutaona historia hiyo inamsaidia vipi msikilizaji anayeishi kwa kuchapa, na ambaye leo anatafuta kibodi ndogo isiyo na kelele.

Kijana wa kiwanda cha chapa

Sholes alizaliwa tarehe 14 Februari 1819 katika kijiji cha Mooresburg, jimbo la Pennsylvania. Akiwa bado kijana mdogo alipelekwa kujifunza kazi katika kiwanda cha kuchapa magazeti kwenye mji wa Danville. Wakati ule gazeti lilipangwa kwa mkono. Mchapaji alisimama mbele ya kasha lenye vijisanduku vingi, akaokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga ziwe neno, mstari, hatimaye ukurasa. Aliyefanya kazi hiyo kutwa alijua kwa vidole vyake herufi ipi inatumika sana na ipi haiguswi.

Mwaka 1837, akiwa na miaka 18, alihamia Wisconsin, eneo ambalo lilikuwa bado halijawa jimbo kamili. Huko aliendelea na kazi ya magazeti, na baadaye akawa mhariri wa gazeti lake katika mji wa Southport, ambao sasa unaitwa Kenosha. Mwaka 1841 alimuoa Mary Jane McKinney, na katika ndoa hiyo walijaliwa watoto kumi.

Mhariri aliyepinga kitanzi

Kabla ya kujulikana kwa mashine, Sholes alijulikana kwa siasa. Wisconsin ilipokuwa jimbo mwaka 1848, alikuwamo katika Seneti yake ya kwanza. Baadaye alirudi tena kwenye bunge la jimbo. Alikuwa mpinzani wa utumwa, na gazeti lake lilieleza msimamo huo waziwazi.

Mwaka 1851 mwanamume mmoja, John McCaffary, alinyongwa hadharani mjini Kenosha kwa kosa la kumuua mkewe. Maelfu ya watu walikwenda kutazama. Kitanzi hakikumuua mara moja. Alining'inia zaidi ya robo saa kabla ya kukata roho. Gazeti la Sholes liliandika habari hiyo na kupinga adhabu ya kifo. Alipoingia tena bungeni, alikuwa miongoni mwa waliousukuma muswada wa kuifuta. Mwaka 1853 adhabu hiyo ilifutwa Wisconsin, na mpaka leo haijarudishwa.

Baadaye alihamia Milwaukee, akaendelea na uhariri. Katika kipindi cha serikali ya Rais Abraham Lincoln alipewa kazi ya kukusanya ushuru wa forodha katika bandari ya mji huo. Kazi hiyo ilimpa mshahara wa uhakika na nafasi ya kufanya jambo alilolipenda, nalo ni kubuni mashine.

Swali lililoanzisha taipureta

Milwaukee kulikuwa na karakana ya mtu aliyeitwa Kleinsteuber, mahali ambapo watu wenye mawazo ya uvumbuzi walikutana na mafundi. Hapo Sholes na mchapaji mwenzake, Samuel Soulé, walikuwa wakitengeneza mashine ya kupiga namba kwenye kurasa za vitabu na tiketi. Pembeni yao alikuwapo mwanasheria Carlos Glidden, aliyekuwa akihangaika na jembe la mashine.

Glidden aliitazama mashine ya namba, kisha akauliza kwa nini isiweze kupiga herufi na maneno pia. Muda si mrefu, mwaka 1867, Sholes akasoma katika jarida la Scientific American habari ya mashine ya kuandikia iliyobuniwa na Mmarekani mwingine, John Pratt. Sholes aliona ile ya Pratt ni ngumu mno, akaamini inawezekana kutengeneza iliyo rahisi zaidi.

Alianza na herufi moja tu. Alichukua kitufe cha telegrafu, akakiunganisha na kijichuma kilichochongwa herufi W. Kila alipobonyeza, kijichuma kiliruka na kugonga karatasi ya kaboni, na W ikaonekana. Kama W moja iliwezekana, herufi nyingine nazo zingewezekana.

Tarehe 23 Juni 1868, Sholes, Glidden na Soulé walipewa hataza, yaani cheti cha serikali kinachomlinda mvumbuzi asiibiwe wazo lake. Kibodi yao ya mwanzo ilifanana na kinanda: vibao virefu vya kubonyeza, na herufi zimepangwa kwa kufuata alfabeti.

Mfadhili mkali na mteja mkorofi

Mashine ilikuwepo, fedha haikuwepo. Sholes alimwandikia barua kwa mashine hiyo James Densmore, mtu wa Pennsylvania aliyewahi naye kufanya kazi za magazeti. Densmore hakuwa ameiona mashine yenyewe, lakini barua ilimtosha. Alinunua robo ya hisa kwa kulipa gharama zilizokwisha kutumika, dola 600. Alipofika Milwaukee kuiona, alisema mashine hiyo inathibitisha tu kwamba jambo hilo linawezekana, ila haifai kuuzwa. Glidden na Soulé walijitoa. Sholes akabaki na Densmore, mtu mwenye sauti kubwa na asiyejua kubembeleza.

Densmore alikuwa na hoja moja ya msingi: mashine ipewe watu wanaoandika sana, waitumie mpaka iharibike. Mmoja wao alikuwa James Clephane wa Washington, mtu wa hati mkato aliyenukuu mashauri na mikutano. Clephane alipewa mashine, akaivunja. Akapewa nyingine, akaivunja nayo. Kila mara alirudisha orodha ndefu ya kasoro, bila kupaka asali.

Sholes alichoka. Alimwambia Densmore kwamba hataki tena kusikia habari za Clephane. Densmore akamjibu kwamba lawama za mtu kama huyo ndizo wanazozihitaji, kwa sababu kasoro ikigunduliwa mapema itarekebishwa, isipogunduliwa itaiua biashara. Sholes alirudi karakanani. Mashine za majaribio zilitengenezwa moja baada ya nyingine kwa miaka kadhaa, kwa msaada wa mafundi kama Matthias Schwalbach. Vibao vya kinanda vikaondolewa, vikaja vitufe vya mviringo vilivyopangwa kwa mistari minne, kama tunavyovijua sasa.

Kwa nini herufi zikavurugwa?

Ndani ya mashine, kila herufi ilikaa kwenye mkono wake wa chuma. Mikono hiyo ilipangwa kwa duara, na ilipobonyezwa iliruka juu kugonga karatasi. Mikono miwili iliyo jirani ikiruka kwa kufuatana haraka, iligongana na kung'ang'aniana, na mwandishi alilazimika kuacha kazi ili aitenganishe.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Sholes alizitawanya herufi zinazofuatana mara nyingi katika Kiingereza ili mikono yake isigongane. Wapo watafiti wanaoyapinga maelezo hayo. Wao wanasema mpangilio ulibadilika kidogo kidogo kutokana na maoni ya watumiaji wa mwanzo, hasa watu wa telegrafu waliokuwa wakisikiliza alama na kuziandika papo hapo. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mpangilio haukuja kwa siku moja. Ulisogezwa herufi kwa herufi.

Ushahidi unao mkononi. Tazama mstari wa kati wa kibodi ya simu yako: D, F, G, H, J, K, L. Hiyo ni alfabeti ya zamani, imebaki hapo kama msingi wa nyumba iliyobomolewa. Zimetolewa tu E na I, zikapelekwa juu.

Kutoka bunduki hadi mashine ya taipu

Mwaka 1873 Densmore alikwenda mji wa Ilion, jimbo la New York, kwenye kiwanda cha E. Remington and Sons. Kilikuwa kiwanda cha bunduki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha mwaka 1865, na kiwanda kilitafuta bidhaa nyingine ya kutengeneza. Kilikuwa tayari kinatengeneza cherehani. Mkataba ukasainiwa, na mwaka 1874 mashine ikaingia sokoni kwa bei ya dola 125.

Watu waliotengeneza cherehani waliifanya ifanane na cherehani. Ilipakwa maua, ikawekwa juu ya meza, na toleo la mwanzo lilikuwa na kikanyagio cha mguu cha kurudisha karatasi mwanzo wa mstari. Iliandika herufi kubwa tu. Tena iligonga karatasi kwa chini, kwa hiyo mwandishi hakuona alichoandika mpaka asogeze mistari kadhaa mbele. Mwandishi Mark Twain alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza, lakini kwa jumla wateja walikuwa wachache.

Mambo yalibadilika mwaka 1878 ilipotoka Remington namba 2. Hii iliandika herufi kubwa na ndogo kwa kutumia kitufe kimoja cha kubadilishia, kile ambacho kwenye simu yako kimechorwa mshale wa kuelekea juu. Mwaka huohuo Sholes alipewa hataza nyingine, na katika mchoro wake tunaiona ile Q, W, E, R, T, Y.

Nani alikula matunda?

Hapa ndipo penye funzo kwa kila mtu mwenye wazo na asiye na mtaji. Sholes alikuwa mgonjwa wa kifua, hakupenda biashara, na alikuwa na familia kubwa. Aliuza haki zake kwa fedha ya mara moja. Kiasi kinachotajwa ni dola 12,000, ambazo kwa wakati ule hazikuwa kidogo. Densmore hakuuza. Yeye alichagua kulipwa fungu dogo kwa kila mashine itakayouzwa, akangoja. Mashine zilipoanza kwenda kwa maelfu, Densmore alitajirika, na mvumbuzi akabaki na maisha ya kawaida.

Sholes mwenyewe hakuonekana kulia sana juu ya hilo. Kitu kilichomfurahisha ni kuona mashine yake inawapa wanawake kazi ya mshahara. Picha moja ya zamani inamwonyesha bintiye Lillian akiwa kwenye mojawapo ya mashine za majaribio. Mwaka 1881 chama cha wanawake Wakristo, YWCA, kilianzisha mjini New York darasa la kuwafundisha wasichana kutumia taipureta, na katika miaka iliyofuata wanawake waliingia maofisini kwa wingi. Kabla ya hapo, ukarani ulikuwa kazi ya wanaume.

Mwaka 1888, mjini Cincinnati, kulikuwa na shindano la kuchapa. Louis Traub alitumia mashine ya Caligraph, iliyokuwa na vitufe 72 kwa sababu herufi kubwa na ndogo zilitengwa. Frank McGurrin alitumia Remington yenye vitufe vichache na kitufe cha kubadilishia, akachapa kwa vidole vyote bila kutazama. McGurrin alishinda. Kibodi ndogo iliyozoewa vizuri iliishinda kibodi kubwa.

Sholes alifariki dunia tarehe 17 Februari 1890 mjini Milwaukee, siku tatu baada ya kutimiza miaka 71. Mpaka mwisho alikuwa akichora. Mwaka 1889 aliomba hataza ya mashine nyingine, iliyotolewa mwaka 1896 akiwa kaburini, na katika mchoro huo herufi zimepangwa upya kabisa. Maana yake ni kwamba yeye mwenyewe hakuiona Q, W, E, R, T, Y kuwa neno la mwisho. Lakini viwanda, walimu na makarani walikuwa wameshaizoea. Hata August Dvorak alipokuja mwaka 1936 na mpangilio wake alioueleza kuwa mwepesi zaidi, wengi hawakuhama.

Kiswahili kwenye kibodi ya Sholes

Mpangilio huu ulitengenezwa kwa Kiingereza. Sisi Kiswahili chetu hakina Q wala X, lakini herufi hizo zina nafasi zao kamili. A, ambayo imejaa katika maneno yetu, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Andika neno "wanatakata" kwa kujaribu tu, utaona kidole hicho kinavyofanya kazi. Kwa anayechapa kutwa nzima, jambo hili ndilo linaloleta maumivu jioni.

Kwa hiyo ukienda dukani kuchagua kibodi, fuata njia ya Clephane: jaribu kwanza, tena kwa maneno ya Kiswahili.

Kuhusu ukubwa: kibodi ya kawaida ina vitufe zaidi ya 100, pamoja na namba za upande wa kulia. Ndogo kidogo haina sehemu hiyo ya namba, na ina vitufe 87 hivi. Ndogo zaidi ina 60 na kitu. Kama unaandika barua, taarifa za vikao na risala, isiyo na namba za pembeni inatosha, na mkono wa kulia hausafiri mbali kuifuata mausi. Kama unaingiza hesabu za ushirika au mauzo ya duka, usiache zile namba.

Kuhusu alama: tafuta kitufe cha alama ya ritifaa, tunayoiandika katika ng'ombe na ng'ambo. Katika baadhi ya kibodi ndogo mno, vitufe vimeunganishwa, na alama nyingine hupatikana kwa kubonyeza viwili kwa pamoja. Hakikisha ritifaa ina kitufe chake.

Kuhusu kelele: taipureta ililia kwa sababu chuma kiligonga karatasi. Hata enzi hizo watu walichoka na kelele, mpaka zikatengenezwa taipureta zilizouzwa kwa jina la Noiseless, yaani isiyo na kelele. Kibodi ya kompyuta haina haja ya kugonga kitu. Zenye raba chini ya vitufe, na zile bapa kama za kompyuta mpakato, kwa kawaida ni kimya na bei yake ni nafuu. Zenye springi chini ya kila kitufe huwa ghali na hudumu, lakini zinatofautiana: zipo zinazolia tiki tiki kwa makusudi, na zipo zilizotengenezwa ziwe kimya. Uliza ni ipi. Kwa anayechapa usiku watoto wamelala chumba kilekile, tofauti hiyo ni kubwa.

Kuhusu uzito: bonyeza A kwa kidole kidogo cha kushoto mara ishirini mfululizo. Kidole kikichoka, iache. Vitufe vyepesi huhitaji nguvu ya gramu 45 hivi, na vizito 60 au zaidi.

Na kama huna kompyuta, simu nyingi za kisasa zinakubali kibodi ya nje, kwa Bluetooth au kwa waya mdogo wa OTG. Muulize muuzaji aiunganishe na simu yako mbele yako kabla hujatoa fedha. Muhtasari wa kikundi cha VICOBA wa kurasa nne ni mateso kwa vidole gumba viwili. Kwa kibodi ndogo juu ya meza, simu ileile inaumaliza kabla ya wanachama kutawanyika.